Panya Walionyamaza

Jumatatu, 7 Machi 1955
Panya weupe tangu asubuhi. Kazi ni ile ile. Namweka panya juu ya bamba la moto, nabonyeza saa, nangoja ainue mguu aulambe. Akiulamba namtoa. Daktari, mzungu ninayemfanyia kazi, anatafuta dawa ya kuua maumivu na mpaka sasa zote zimeshindwa. Leo amerudi kutoka Nakuru na chupa mpya. Amerudi pia na mbwa mkubwa wa kulinda, maana wazungu wa huku Molo siku hizi wanaogopa hata upepo kwa sababu ya vita vya msituni. Mbwa amelala mlangoni. Simpendi; mbwa wa namna hii hufundishwa kuturukia sisi watu wa shamba tukipiga kelele.

Jumanne, 8 Machi
Ajabu. Panya waliodungwa dawa mpya hawalambi mguu. Wametulia tu kwenye bamba, masikio nyuma. Wasiodungwa hatuwapimi tena, tunawajua. Daktari alinipiga bega. Nilifurahi kuliko yeye. Tabitha, mke wangu, ana jipu la ndani pajani, hawezi kukanyaga. Nilimwomba Daktari ampasue kwa dawa hii. Amekubali. Ijumaa.

Jumatano, 9 Machi
Tabitha ana homa. Nimemwambia hatasikia chochote, nimeona kwa macho yangu. Ameniamini.

Alhamisi, 10 Machi
Memsahib, mke wa Daktari, alikwenda mjini na mbwa. Nikamweka panya mwenye dawa. Aliruka papo hapo, akalamba mguu. Wa pili vile vile. Wote.
Mbwa aliporudi nilimweka panya ambaye hakudungwa kitu. Alitulia kama amekufa.
Si dawa. Ni mbwa. Wanaungua na wananyamaza kwa woga.
Nilimwambia Daktari. Akacheka: “Wewe nakosea sindano tu.” Nikaomba tungoje. Akasema jipu halingoji, litamuua. Hapo anasema kweli, na ndipo ninapokwama. Kumpeleka Nakuru kunataka pasi, karatasi ya ruhusa ya kutoka shambani, na pasi siku hizi hazitoki upesi. Naogopa sana.

Ijumaa, 11 Machi
Niliomba mbwa atolewe nje. Nilifikiri Tabitha akipiga kelele, Daktari atasimama, atatafuta dawa nyingine. Alikataa. Mlango haukai bila mbwa.
Tabitha aliingia akamwona mbwa. Kisu kilipoingia hakutoa sauti. Nilitazama miguu yake. Vidole vilijikunja, vikabaki hivyo. Nikasema kwa nguvu kwamba anasikia. Daktari akainua kisu, akamwuliza, “Mama, iko uchungu?”
Tabitha alitazama mlangoni.
“Hapana, bwana.”
Akaendelea kukata.

Jumapili, 13 Machi
Homa imekwisha. Tabitha amekula viazi, amekunywa na chai. Ameniambia alisikia kila kitu, mpaka mwisho. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilipasha maji nikamwosha miguu.

Jumatatu, 14 Machi
Ukungu asubuhi. Mbwa mlangoni. Nje kulikuwa na foleni ya watu wa shamba: mwenye jino, mwenye kidonda, mama mmoja aliyeungua mkono. Wamesikia kwamba Tabitha alipasuliwa na hakulia. Nilijaribu kuwaambia. Mwenye jino alinijibu kwamba nataka dawa iwe ya mke wangu peke yake.
Daktari aliwaita mmoja mmoja. Mimi nilishika taa.
Wote walinyamaza.