Saksafoni Ilikuwa Imekwisha

Papa,

Sipho amefungwa. Naanza na hilo maana hukupenda kusubirishwa habari. Mteja wako yule uliyemshonea suruali ya harusi ya dada yake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukupiga chuma kichwani, na sasa yuko gerezani.

Mahakamani nilisimulia habari za santuri yako, ile ya Mmarekani wa miaka ya hamsini aliyepiga saksafoni upande mmoja na filimbi upande wa pili. Mama alibisha siku zote kwamba hao ni watu wawili. Wewe ulicheka tu: "Ni mtu mmoja. Saksafoni ni yeye akiwa na hasira. Filimbi ni yeye hasira ikiisha." Mama akasema upande wa hasira ni kelele za mtu anayechinjwa. Siku hizi akikumbuka alivyosema, anatoka chumbani.

Wakili wa Sipho alisema mtaa wetu mzima wa Malvern unajua muziki wa duka lako ulivyopasua masikio, na mimi nilikuwa nimejificha chini ya meza ya kukatia vitambaa. Akauliza ningesikiaje nani kasema nini. Nikamwambia saksafoni ilikuwa imekwisha. Ulikuwa umeinuka kwenda kugeuza santuri. Ndipo mlango ukavunjwa kwa shoka, nikajitupa chini ya meza, kundi likaingia likipayuka kwamba wageni warudi kwao, nami nikasikia sauti yako, ya kawaida kabisa, katika Kizulu chako chenye lafudhi ya Bukavu: "Sipho, mwanangu, suruali yako iko tayari."

Kisha chuma. Kikashuka, kikashuka tena. Ulianguka upande wangu, macho wazi. Damu yako ilipita chini ya meza ikanilowesha magoti, na mimi nikajiuma mkono nisipige kelele. Kovu la meno lipo. Cherehani waliiponda. Santuri waliikanyaga vipande vipande. Suruali yake Sipho alikwenda nayo, Papa. Aliichukua.

Hakimu aliniamini. Nje ya mahakama mama yake Sipho alinishika mkono, akasema hata yeye amepoteza mtoto. Nilimpiga kofi mbele ya polisi. Aliyumba, akasimama vilevile, akingoja la pili. Sikumpiga tena. Eish, Papa, mkono ulitaka.

Mama anataka turudi kwetu Bukavu. Mjomba anasema tuhamie mtaa wa Berea, tujifiche kati ya wenzetu. Nimewakatalia wote. Nimefungua tena duka lako hapa Jules Street, na jina lako nimelipaka upya juu ya mlango, kwa rangi nyekundu.

Lala salama, baba yangu. Filimbi bado siwezi kuisikiliza, hata redioni. Lakini nakuahidi hili: sihami Jules Street. Wakija tena, mlango nitaufungua mwenyewe, na sitakufa peke yangu.

Binti yako,
Furaha