Aliyekata Nywele za Vahdet

Norrköping, 14 Novemba 2022

Kumu Slavoljub,

Salamu kutoka Uswidi. Natumaini u mzima na kifua hakikusumbui kama zamani. Mimi sijambo, ila magoti yananikatalia ngazi. Nilisikia mkeo Mileva alifariki. Alikuwa mtu mwema, apumzike.

Miaka ishirini na saba hatujaandikiana, na ningeendelea kunyamaza. Lakini juma lililopita binti wa dada yangu alinionyesha video kwenye simu. Sherehe ya shule, hapo Jasikovac. Umevaa koti lako la kahawia, umeshika maikrofoni, unasema: "Katika ukumbi huu hakufungwa mtu. Hakukuwa na mauaji ya kimbari. Wale walikufa msituni, bunduki mkononi." Watu wakakupigia makofi.

Nimepeleka malalamiko kwa mwendesha mashtaka, Sarajevo. Tangu mwaka jana Bosnia ina sheria: anayeyakana mauaji yale ya 1995 hadharani anaweza kufungwa. Nakuambia mwenyewe, kwa sababu kumu, aliyekata nywele za kwanza za mtoto akawa ndugu, hashtakiwi kisogoni.

Wako,
Kumu Hasnija


Jasikovac, 2 Desemba 2022

Bi Hasnija,

Barua imefika. Kifua ni kilekile. Ahsante kwa rambirambi.

Basi na nifungwe. Nina miaka themanini na mbili. Wataniwekea kitanda karibu na choo, nitashukuru. Lakini umesahau mwaka 1979? Nilikula miezi mitatu jela kwa kichekesho kimoja juu ya Marshali aliyetutawala, nilichokisema chumba cha walimu huku nikimenya yai. Waliita "kosa la maneno". Ibro wako alimletea Mileva jibini akamwambia: "Nchi inayoogopa ulimi wa mwalimu wa jiografia, hiyo nchi mgonjwa." Mileva aliponisimulia, nililia. Leo mjane wa Ibro ananishtaki kwa kosa lilelile.

Na sheria yenyewe haikupigiwa kura na bunge letu. Mgeni mmoja, mwakilishi wa mataifa, aliiweka kwa kalamu yake, akafunga mizigo akaenda kwao. Nakuuliza kama nilivyowauliza wanafunzi wangu: kama jambo ni la kweli, kwa nini lihitaji askari wa kulilinda?

Slavoljub Tešanović,
mwalimu mstaafu


Norrköping, 20 Desemba 2022

Kumu,

Bado nakuita kumu. Hukukata nywele za mwanangu kwa penseli, useme zitafutika.

Natumaini umepata kuni za kutosha; huku theluji imefika madirishani.

Jibini nalikumbuka, nililitengeneza mimi. Na nakumbuka ulipotoka jela. Watu walivuka barabara wasikutane nawe, hata wa kanisani kwako. Ibro akamnyanyua Vahdet, ana mwaka mmoja, akakuletea uani kwako mchana kweupe pamoja na mkasi. Sisi Waislamu na ninyi Waorthodoksi hatubatiziani watoto. Mkasi ndio uliotufanya ndugu. Alitaka mji mzima uone ni nani aliyemchagulia mwanawe.

Unasema kosa ni lilelile. Chini ya kichekesho chako hakukuwa na mtu aliyezikwa. Chini ya hotuba yako yupo Vahdet.

Mwaka 2009 walipata mfupa mmoja wa mguu na mbavu nne. Mifupa mingine ilihamishwa. Unajua walivyofanya: waliua, wakafukia, kisha wakarudi na tingatinga wakafukua na kutawanya, ili mtu mmoja awe makaburi matatu. Kila mwaka ofisi ya Tuzla, inayotambua mifupa, hunipigia simu: "Mama, utazika vilivyopo, au utangoja?" Nangoja. Wenzangu wamezika, kisha wakafukua ili waongeze kidole. Mimi siwezi kumfukua mtoto.

Hapo mjini yuko aliyeendesha hilo tingatinga. Hasemi, kwa sababu mwalimu wake ameshasema hakuna cha kusema. Ulimi hauna mfupa, kumu. Wako umekalia mifupa ya mwanangu.

Hasnija


Jasikovac, 9 Oktoba 2023

Kumu Hasnija,

Natumaini magoti yako yamepata nafuu. Mimi si mzima. Daktari amepiga picha kifua changu, kisha akazungumza na ukuta.

Utakuwa umeshajulishwa kwamba faili langu limefungwa. Wameona maneno yangu hayakuwa na nia ya kuchochea chuki. Siku ile mkwe wangu Momir, mume wa binti yangu Radojka, alinipeleka mkahawani kama bwana harusi.

"Mwalimu ametoka salama!" alipiga kelele. "Rakija kwa wote, na kwa mwalimu mbili!"

"Mbili zitamuua mzee," mtu akasema.

"Huyu? Sheria ya Sarajevo imemshindwa, ataweza glasi?"

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha Momir akanipitishia mkono shingoni, akaninong'oneza: "Baba, wewe endelea kuongea. Ukiongea wewe, sisi hatuulizwi."

Momir aliendesha matingatinga ya kampuni ya barabara. Nilijua hivyo wakati anamposa Radojka. Nilimkaribisha, nikamkatia nyama.

Sasa nisikilize, maana sitaweza kuandika hili mara mbili. Ukumbini nilikuwemo. Julai ile nilisikia wameweka wafungwa shuleni, nikaenda kuchukua ramani zangu zisichafuliwe. Ndiyo, ramani. Wanaume walikaa sakafuni wamebanana, magoti kifuani, hewa ya humo nzito kama ya tanuri. Sauti ikaita, "Kumu Slavo!"

Akasimama kijana mrefu. Sikumtambua mpaka alipoinamisha kichwa kumpisha mtu, nikaona utosini nywele zinazozunguka mara mbili, zilezile zilizonisumbua kwenye mkasi. Askari mmoja akaja. Nilikuwa nimemfundisha.

"Mwalimu, huyu mtoto anasema wewe kumu wake. Unamjua? Kama unamjua, mchukue utoke naye. Mimi naangalia kule."

Mlangoni walisimama wawili wengine, wananitazama. Ramani nilikuwa nimezibana kwapani.

Nikasema, "Simjui."

Vahdet hakubisha. Alisema, "Samahani, mwalimu. Nimekufananisha." Akakaa.

Baada ya hapo, kusema ukumbini hakukuwa na mtu kulinijia kwa urahisi. Kama hakukuwa na mtu, basi hakuna niliyemwacha. Nilikuandikia juu ya uhuru wa ulimi, nikatia na jela yangu ndani yake. Jela ile ilikuwa ya kweli. Lakini sikuwa nautetea uhuru, wala taifa langu. Nilikuwa nalitetea neno nililosema ukumbini.

Kumu wako,
Slavoljub


Norrköping, 23 Oktoba 2023

Kumu,

Leo sikuulizi afya.

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Alikuomba samahani. Mtoto wangu alikuomba samahani wewe.

Sikusamehi. Naona hukuomba nikusamehe. Hapo umefanya vema.

Uliniuliza kwa nini ukweli uhitaji askari. Mimi sihitaji askari, kumu, nahitaji shahidi. Muulize mkwe wako walimpeleka wapi, kisha nenda Sarajevo ukaseme mbele ya mwendesha mashtaka, kwa mdomo uleule uliosema kwenye maikrofoni. Barua hii nikiipeleka mimi, watasema mzee aliweweseka. Sheria haikuweza kuufunga mdomo wako. Basi ufungue mwenyewe, ungali na pumzi.

Hasnija


Jasikovac, 8 Novemba 2023

Kumu Hasnija,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Naandika kidogo kidogo, napumzika katikati.

Nimemuuliza Momir. Alikataa, akanitukana, kisha akakaa kwenye ngazi akalia, na mwisho akaniambia mahali. Ni karibu, kumu. Nimepita hapo nikienda kuchuma uyoga.

Sipaandiki hapa. Bahasha ikifunguliwa posta, kesho yake patamwagwa saruji. Jumatatu jirani yangu atanipeleka Sarajevo kwa gari lake. Nitasema mwenyewe, niandikiwe, nitie sahihi. Radojka nimemwambia. Hasemi nami, lakini amenipigia pasi shati.

Ndani ya bahasha utakuta nywele. Mileva alizifunga kwenye karatasi siku ile, akaziweka nyuma ya ikoni, ile picha ya mtakatifu wa nyumba yetu. Zimekaa hapo muda wote huu, na mimi chini yake nakula chakula changu.

Kumu Slavoljub


Jasikovac, 11 Januari 2024

Bibi Hasnija,

Kwa heshima zote, nakujulisha kwamba baba yangu alifariki tarehe 19 Novemba. Hakwenda Sarajevo wala popote. Jumatatu ile alikuwa kitandani, na mume wangu alikaa naye kutwa nzima.

Dawa zilikuwa zimemvuruga akili. Alisema mambo mengi yasiyokuwepo. Tumezikuta barua zako, tumezichoma. Tafadhali usituandikie tena. Na ukiwaonyesha watu karatasi yenye jina la mume wangu, wakili ametuambia kwamba tangu mwaka jana, upande wetu huu wa Bosnia, kashfa ni kosa la jinai. Nanyi mna sheria yenu, nasi tunayo yetu.

Nakumbuka ulikuwa ukinipa mkate na jemu ya plamu. Ndiyo maana nimeandika kwa upole.

Radojka


Norrköping, 17 Juni 2024

Kumu Slavoljub,

Uliko sasa hakuna posta, najua. Nakuandikia kwa sababu mambo haya tuliyaanza kwa barua.

Barua zako nilizipeleka Sarajevo, na jina la mkwe wako likiwemo. Kama wanataka kunifunga, waje na kiti cha magurudumu. Kijana wa ofisini alizisoma, akarudia, akasema: "Mama, shahidi amekufa, na mahali hapakutajwa." Wakamwita Momir. Alisema hajui kitu, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Anayo. Kumbe uhuru wote ni wenu, wa kusema na wa kutosema.

Nilikuomba mahali, ukanitumia nywele.

Ofisi ya Tuzla imenipigia tena. Safari hii nimesema sitangoja. Julai, kwenye mazishi ya pamoja, nitauzika ule mfupa wa mguu na zile mbavu nne, pamoja na nywele za mtoto wa mwaka mmoja nilizozifunga kwenye leso yangu. Nilimpigia imamu kumwuliza kama inafaa. Akasema inafaa, kisha akataka kujua nimezipata kwa nani.

"Kwa mtu wa kwetu," nikamwambia.

"Alimjua marehemu?"

Nikamjibu, "Alisema hamjui."

Hasnija,
mama yake Vahdet