Kwa Haidar, Uliyenikatia Njia Mlimani

Mwaka umezunguka, mjukuu wangu, tangu Jumapili ile ya mvua ulipopanda baiskeli kwenda mlimani kwako, lori likakukuta njiani, nasi tukaletewa viatu vyako. Ni mimi bibi yako, Kazija, ninayeandika kwa niaba ya wote. Mama yako alijaribu, kalamu ikamshinda.

Ulitangulia wewe kuja Guangzhou, kusomea uinjinia. Mama yako Safia akafuata na biashara yake ya nguo. Mimi nikawafuata nyinyi, kwa kuwa Pangani nilibaki na kuku tu wa kusema nao. Siku niliyofika ulinipokea mlangoni ukasema, “Mke wangu mzee umekuja! Sasa nitakula wali usioungua.” Nikakujibu, “Mume gani hata kitanda hujatandika?”

Huo ndio utani wetu, tangu ulipokuwa hujui kufunga kifungo. Sasa hakuna aniitaye mke wake. Jamani, aliyefiwa na mume hukalishwa eda, na eda ina mwisho wake. Hii yangu mimi sioni siku ya kutoka.

Ulikuwa mtu wa watu, Haidar. Mgeni akikwama kule Guangyuan Xilu, penye masoko ya nguo, hajui bei wala lugha, ulifunga daftari ukaenda kumsemea. Marobota ya mama yako uliyabeba mwenyewe, ukipiga mluzi. Ulipenda ukoko wa wali. Hata leo naukwangua nauweka pembeni, kisha nakumbuka.

Na ulimpenda Chokaa.

Mlima wako ulikuwa machimbo ya mawe ya chokaa, nje kabisa ya jiji, yaliyofungwa. Wafanyakazi wametawanyika, matanuri yamepoa, reli ya vigari vya mawe imeota majani. Amebaki mzee Liang peke yake, aliyefanya kazi pale ujana wake wote, analinda vyuma chakavu. Ndani ya tanuri moja ukamkuta mbwa mweupe pe, mguu mmoja wa nyuma mbovu. Ukamwita Chokaa. Ikanyesha mvua, weupe wote ukamtoka, kumbe mbwa mweusi kama sufuria langu! Jina likabaki hilo hilo.

Nilikuambia mbwa kwangu haingii. Hukubishana. Ulijaza udongo wa mlimani kwenye kopo la maziwa ukaliweka nje ya mlango, karibu na ndoo. Kila uliporudi ulijiosha palepale, mara saba kama ulivyofundishwa madrasa, mara moja kwa udongo, ndipo ukaingia kunibusu mkono. Suruali ya mlimani, ile jinzi ya viwanda vya Xintang yenye mfuko uliokaa kombo, ilikuwa na msumari wake nje. Nikikuuliza, “Udongo upo?” ulinijibu kama wenye maduka wa hapa wanapokuambia hakuna: “Mei you, bibi! Umekwisha. Nitaleta mwingine.”

Wenzako wa chuo uliokwenda nao walitaka kupanda upesi, kwa ngazi za chuma walizokuwa wakipandia wafanyakazi. Wewe hukutaka. Ulisema zile ngazi zina matundu, kucha za mbwa hunasa, na mwenye mguu mbovu hapandi ngazi. Ukachagua tuta la reli, linalozunguka mlima polepole. Kila Jumapili ulikwenda na panga na gunia. Ulifyeka, ukaokota vigae vya chupa, misumari, nyaya. Vyuma ukampa mzee Liang. Penye kokoto kali ulimwaga udongo, kisha ukamwita Chokaa apite. Akipita vizuri, unasonga mbele. Akisita, unaanza upya.

Chacha, rafiki yako wa Tarime, alikutania hapahapa sebuleni.

“Haidar, kwetu mbwa anachunga ng'ombe. Wako anachunga reli!”

“Huyu si mchungaji,” ukamwambia. “Huyu ni mkaguzi wa barabara. Anapopita yeye, na bibi atapita.”

“Bibi gani?” nikauliza toka jikoni.

“Mke wangu. Magoti yake na mguu wa Chokaa ni mamoja.”

“Ala! Unanilinganisha na mbwa?”

“Sikulinganishi, bibi. Chokaa hanung'uniki.”

Nilikurushia kitambaa cha meza, Chacha akacheka mpaka chai ikampalia.

Basi ukaniahidi. Nilikuwa nalalamika kwamba hapa mjini naona kuta tu na nguo za watu zilizoanikwa. Ukasema utanipeleka mpaka juu, penye tangi la zamani la maji, nione kijani kama cha kwetu. “Ningoje niimalize njia.” Nikangoja. Kungoja nakujua. Hata sasa nikisikia ndoo ikigusa ukuta, nageuka.

Tulikuzika hukuhuku, mbali na babu yako. Wanawake waliokuja msibani wakatufulia, wakatupikia, wakafagia hadi nje. Mmoja wao, mtu mwema, akalimwaga lile kopo la udongo, akalisugua likang'aa. Alidhani ni uchafu. Nilikaa nalo mapajani, tupu. Chacha akaniona. Kesho yake akaenda mlimani akalijaza tena, akarudi na habari kwamba Chokaa halali tena tanurini. Analala getini, pale ulipokuwa ukiegemeza baiskeli, na mzee Liang anamlisha kwa mkono.

Juzijuzi mzee Liang akamwambia Chacha kwamba machimbo yatazungushiwa ukuta. Hapo nikasema nitapanda sasa, au sitapanda kamwe.

Mama yako akakataa. “Mama, mlima ule umeshanichukulia mmoja.”

“Safia mwanangu, Haidar aliikata njia ile kwa ajili yangu. Nisipoipita mimi, itakuwa ya nani?”

Alilia sana. Kisha akavaa viatu.

Tulikwenda Jumapili iliyopita. Chokaa alinusa kanga yangu, akanusa kopo nililobeba, akatangulia. Mbele kidogo akalala katikati ya reli. Chacha akasema, “Mguu huo, Bibi. Amechoka.” Lakini ubavuni pake palikuwa na jiwe bapa, limewekewa vijiwe chini lisitikisike, kimo chake kama kigoda cha jikoni kwangu. Nikakaa. Nilipoinuka, naye akainuka. Tukafika kona nyingine, akalala, na jiwe jingine lipo. Kona ya mbele, vilevile.

Chacha akaligusa jiwe kwa kiganja. Halafu akasema taratibu, “Bibi, mimi nilikuwa namcheka. Kila akifika hapa anakaa, anamwambia Chokaa alale. Nikamwita mvivu.”

Hukuwa mvivu, mume wangu. Ulikuwa unamfundisha kunisubiri.

Tukaenda hivyo, jiwe hadi jiwe, hata magoti yangu yakasahau umri wake. Halafu reli ikaingia kwenye majani marefu. Gunia lako lilikuwa pale, limeoza, vigae vimelitoboa. Chokaa akasimama. Hakulala. Aligeuka akatazama njia tuliyotoka, masikio juu, anakungoja uje ufyeke.

Chacha akasema, “Tangi lile pale, Bibi, naliona. Nikate njia?” Mama yako akamshika mkono.

Nikakaa chini, maana jiwe hukuwahi kuliweka. Chokaa alitazama mpaka akachoka, akaja akalaza kichwa karibu na miguu yangu. Nikamshika kichwani, kwa mara ya kwanza. Udongo wa kujioshea nilikuwa nao koponi, udongo wako.

Mbele yetu kulikuwa na kijani, Haidar. Tangini sikufika. Nimefika ulipofika wewe.

Hitima yako itasomwa Ijumaa baada ya Alasiri, nyumbani kwa mama yako. Jumapili, kabla ukuta haujajengwa, anayetaka atapanda nasi, kwa mwendo wa Chokaa.

Unakumbukwa na mimi bibi yako Kazija, mama yako Safia, mdogo wako Muzdalifa ambaye sasa ana baiskeli yake mwenyewe na hataki kuipanda, mjomba wako Burhani na wote wa Pangani, Chacha, na mzee Liang. Na yuko mmoja asiyeingia ndani.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Kukukumbuka hatutaacha, maadamu tunapumua.