Nilimtembeza Mzee Anselmo, Kisha Nikadanganya

Mpendwa Mama Bilha,

Naomba unisaidie, maana nimebeba jambo linaloninyima hata hamu ya kula. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, sasa naishi Buffalo, Marekani, mtaa wa West Side, na kazi yangu ni kumtunza Mzee Anselmo, Mpuerto Rico wa miaka themanini na moja, zamani fundi uashi, ambaye kumbukumbu zinamtoka, na binti yake Yolanda aliniambia tangu siku ya kwanza, "Baba akae kwenye kiti. Akianguka nitakuuliza wewe."

Nilitii miezi miwili, mzee anatazama ukuta tu, jina langu halijui, ananiita "señora", yaani "bibi" kwa Kihispania chao, mpaka siku moja akaniona nafagia, akanipokonya ufagio na kufagia kibaraza chote, nami nikamwacha, kesho yake tukamwagilia nyanya, kisha tukawa tunatembea polepole hadi kanisani kwake na kurudi, na sikudanganyi Mama, alianza kuongea, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga akanisimulia kuta alizojenga, na asubuhi moja nilipofungua mlango akasema, "Delfina, umechelewa." Nililia.

Lakini wiki mbili zilizopita tukiwa njiani dada yangu akanipigia simu, nikageuka kuongea, kurudisha macho mzee hayupo, nikamtafuta dakika arobaini, nikamkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba ya watu, kiganja kimechubuka, anasema anamsubiri mke wake, na mke alifariki miaka tisa iliyopita. Yolanda alipouliza kuhusu mkono nikasema amejigonga mlangoni. Tangu hapo namkalisha kitini kwa woga, na jana ameniita "señora" tena. Nikisema ukweli nitafukuzwa, nikinyamaza anazimika mbele yangu. Nifanyeje?

Delfina

Delfina mwanangu,

Huruma yako naiona. Kosa umelifanya pia, na si kumtembeza tu bila ruhusa. Uligeukia simu ukamwacha mzee, halafu ukausingizia mlango. Yolanda hajui kwamba baba yake anaweza kupotea katika mtaa aliouzoea. Mzee akitoka Jumapili bila koti, wewe hupo, nani atajua pa kumtafuta?

Nimemwuliza nesi mmoja hapa Columbus anayehudumia wazee wa Kilatino. Anasema kufagia, kumwagilia na kutembea taratibu huwafaa wengi wao, mwili na akili, na kukaa kutwa huwadhoofisha. Ila alinikanya: ugonjwa wenyewe wa kusahau hauponi hivyo. Usimwahidi Yolanda muujiza.

Mwambie leo, uso kwa uso. Anza na uongo wako, usianze na nyanya. Mwombe daktari aseme mzee anaruhusiwa nini. Mkiruhusiwa, simu ikae mfukoni, mshikane mikono, avae bangili yenye jina na namba ya binti yake. Akikufukuza, ana haki. Basi mwandikie kwenye karatasi yote ambayo baba yake anapenda kufanya, ili atakayekuja baada yako asimrudishe kitini.

Kabla ya kuchapisha barua hii, Delfina amenipigia. Yolanda alifoka, akamsimamisha kazi wiki nzima. Kisha akampigia mwenyewe na kuuliza jambo moja tu: "Kweli alisema anamsubiri mama?" Wanakwenda kwa daktari Alhamisi, wote watatu.

Delfina, daktari akiuliza, usipunguze hata neno.