Wagonjwa wa Ijumaa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mama amerudi kutoka kiwanda cha mikate, akaenda moja kwa moja kitandani. Kumbe msimamizi wao, Bwana Nyangau, amebandika mlangoni ratiba ya mazishi ya shangazi yake Mama. Yale ya mwezi uliopita, kisiwani Rusinga! Mama alikuwa amemwambia ana malaria, kwa sababu ruhusa ya mazishi hutolewa kwa mume, mtoto au mzazi tu. Shangazi ndiye aliyemlea — lakini fomu yao haina nafasi ya shangazi.

Na ratiba niliichapa mimi. Niliandika jina la Mama, "Shukrani: Bi. Rispa Awuor", kwa herufi nzito, nikaituma kwenye makundi ya WhatsApp. Nilijivunia!

Eti Nyangau alisema mbele ya wote, "Hawa ni wagonjwa wa Ijumaa. Jumamosi wanazika, Jumatatu wamepona!" Kuanzia leo, ukiugua ulete karatasi yenye muhuri wa hospitali ya serikali, siku hiyo hiyo. Mama amepewa barua ya onyo. Ikija ya pili, kazi imekwisha.

Jumatano, 11 Juni

Mama bado anakohoa. Nimemwomba msamaha tena. "Wewe soma," akasema. "Mimi ndiye niliyedanganya." Kisha akaenda kazini.

Alhamisi, 12 Juni

Mellen, mwenzake wa kazini, amemleta Mama nyumbani kwa bodaboda. Mama alianguka kando ya tanuri. Nyangau akauliza, "Mama Caren, leo tena amekufa nani?" Watu wakacheka. Mellen pia alicheka — amekiri mwenyewe, huku akilia.

Ijumaa, 13 Juni

Sijaenda shule. Naandika kwenye benchi la hospitali.

Daktari ni mpole. Alimuuliza Mama amekohoa tangu lini. "Juzi," akajibu. Nami, nisiyeweza hata kuinua mkono darasani, nikasema, "Tangu Aprili." Mama hakunitazama.

Karatasi ikaandikwa: apumzike wiki mbili, asirudi kazini kabla ya majibu ya kipimo cha makohozi. Na muhuri! Nilidhani atafurahi.

"Daktari, nakuomba. Andika siku moja tu. Wiki mbili hawatanishikia nafasi."

"Mama, siwezi."

Ameikunja mara nne, ameisukuma chini kabisa ya mkoba. Zamu yake inaanza saa nane, naye anataka kuiwahi. Ananiambia niende shule, nitapata vipindi vya mchana. Bodaboda inangoja langoni.

Sijainuka. Mama anakaza leso. Anakohoa ndani yake, kwa sauti ya chini, ili daktari asisikie —