Kwa Benedita, Aliyeshuka Farasini Mbele ya Watu

Mwaka umetimia, Benedita, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Machi, mashamba ya Golegã, mji wetu huu wa Ureno, yakiwa bado chini ya maji ya mto Tejo. Watu wanatushauri sisi jamaa na jirani zako tuandike mema yako tu. Tungefanya hivyo ungetukasirikia.

Ulikuwa mfunzaji wa farasi wa madaha, wale wanaofundishwa kwenda kwa hatua za upole mpaka mtazamaji akadhani wanasikia ngoma. Ulikunywa kahawa ukiwa umesimama. Uliimba vibaya na hukujali. Mwanafunzi aliyekuja na njaa alipewa mkate wako na soseji, nawe ukashinda na chungwa.

Mzee Teodósio, mfugaji, alikukabidhi Orvalho akiwa na miaka mitatu, farasi wa kijivu wa uzao wa Lusitano aliyeogopa miavuli na kivuli chake mwenyewe. Ulimlea kwa subira. Ukifagia banda alikuja kukuwekea kidevu begani, akakulowesha koti lote kwa mate.

"Mimi sijawahi kuegemewa hivyo," alilalamika Anselmo, mumeo.

"Anza kula majani," ukamjibu.

Kisha zikasikika habari za wanunuzi kutoka nje, kwamba wanakuja kwa mashindano ya Novemba. Hapo ndipo haraka ilipokuingia. Shingo ya Orvalho haikuinama upesi kama ulivyotaka, nawe ukaivuta kwa hatamu. Binti yenu Iria alikuambia mapema.

"Mama, siku hizi anakaza meno nikimvisha lijamu mdomoni."

"Anadeka. Mvishe."

Siku ya mashindano uwanja ulikuwa umefurika. Ulikuwa katikati ya zamu yako mwamuzi alipopiga kengele kukusimamisha. Povu la mdomoni mwa Orvalho lilikuwa jekundu, likidondokea kifua chake, na kila mtu alikuwa ameliona kabla yako.

Anselmo alikuwahi kwenye uzio. "Sema amejing'ata ulimi," alikunong'oneza. "Hutokea. Nani atajua?"

Ulishuka, ukavua kofia, ukamwambia mwamuzi kwa sauti iliyofika safu za nyuma: "Ni mkono wangu uliofanya hivi." Ukamvua lijamu palepale, ukamfunga kamba, ukatoka kwa miguu. Orvalho alikufuata, lakini kwa mbali, mwisho kabisa wa kamba.

Aibu ile ilikukaa. Ulianza kununua mkate kijiji jirani cha Azinhaga ili usipite mbele ya mkahawa wetu. Kanisani ulihamia kiti cha mlangoni. Yote hayo uliyavumilia. Kilichokumaliza kilikuwa bandani: ukiingia, Orvalho alikugeuzia mgongo akaelekeza uso ukutani.

Ndipo ulipokwenda kwa Mzee Teodósio.

"Mchukue, mzee. Mimi sistahili kumshika."

"Nimchukue iwe nini? Mkono uliomuumiza ni wako. Ukiukimbiza leo, kesho ataogopa mikono yote."

"Naona haya hata kumtazama."

"Basi usimtazame. Kaa naye tu."

Ukakaa. Majira yote ya baridi ulikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, umempa mgongo, ukimenya machungwa. Hukumwita wala hukumbembeleza. Machungwa yalikuwa yanakaribia kwisha mitini alipokuja siku moja kunusa nywele zako. Hukugeuka. Lakini Iria, aliyekuwa akipita na toroli la nyasi, aliona mabega yako yakitikisika.

Ulimpanda tena baadaye, bila chuma mdomoni, na hukumrudisha mashindanoni kamwe. Wanunuzi walikwenda kwa wengine. Kila mwanafunzi mpya ulimsimulia habari ile siku yake ya kwanza, hata mbele ya wageni, nasi tukainamisha nyuso.

"Mama, watu walishasahau," Iria alikuambia mezani. "Wewe ndiye unayewakumbusha. Unatuaibisha."

"Wasahau wao," ulisema, ukiendelea na supu yako ya kabichi. "Nikisahau mimi, mkono utarudia."

Ugonjwa ulipokunyima miguu, Anselmo alikusukuma hadi bandani kwa kiti cha magurudumu. Juma lile lilikuwa lako la mwisho, na wewe ulijua. Ulinyoosha vidole, polepole, mpaka pembe ya mdomo wa Orvalho, penye kovu, ambapo hakuwahi kumruhusu mtu kugusa tangu siku ile. Ngozi ya shingo yake ilisisimka. Akabaki amesimama.

"Unadhani amenisamehe?" ulimuuliza Iria.

"Amekusamehe, Mama. Huoni alivyotulia?"

"Usimsemee, mwanangu."

Ukauacha mkono pale, naye akakuacha uuache, mpaka ulipochoka mwenyewe ukaomba kurudishwa ndani.

Unakumbukwa na mumeo Anselmo, ambaye bado anajutia neno lake la pale uzioni, binti yako Iria, anayempanda Orvalho sasa kwa hatamu iliyolegea, kaka yako Custódio na watoto wake, Mzee Teodósio, na wanafunzi wako; wapya wanaokuja siku hizi tunawasimulia sisi habari ile, bila kuipunguza.

Pumzika, Benedita. Mioyoni mwetu hutoki.