Pale Wimbo Unaporuka

Manju, bado siamini. Niko harusini Lanet. DJ ameweka ule wimbo ambao bendi ya baba ilikuwa ikiupiga, lakini rekodi ya wenyewe walioutunga, na pale tunaporuka nyumbani tangu utoto nimeruka. Peke yangu. Mbele ya wakwe.

Nimemwendea baba. Anacheka tu.

Sikiza. Mwaka wa 1973 bendi yao ilipiga nyimbo za watu wengine, wakizinakili kutoka kwenye santuri. Santuri ya wimbo huu ilikuwa na mkwaruzo, sindano ikaruka nusu mstari. Kipketer, baba yangu huyu makini, akadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Akawafundisha wenzake kuruka papo hapo.

Wakaupiga kwa Gurdial, mwenye hoteli Nakuru, wakitafuta kazi ya Krismasi. Kila ulipofika pale, watoto wakaruka, na nyanya zao pia.

Gurdial akamwita kando. "Kijana, wimbo huu ninao nyumbani. Santuri yenu ni mbovu."

Kipketer akajua kazi imekwenda. "Tutaurekebisha, mzee."

"Mkiurekebisha, mama yangu ataruka wapi? Krismasi mje. Na msiguse kitu."